Mvua ya Ki-Pat na Kazi ya Mzazi

Somo: Zaburi 78:1–7

Likizo ya Aprili imefika. Huku kwetu Chepkoilel watu wanapanda mahindi, na watoto wako nyumbani. Mzazi, watashinda wakitazama simu, au watajifunza kitu kutoka kwako?

Kuna kitabu cha picha ambacho watoto hukipenda: *Bringing the Rain to Kapiti Plain*, kilichoandikwa na Verna Aardema, michoro ikiwa ya Beatriz Vidal. Kilitoka Marekani mwaka 1981. Ki-Pat ni mchungaji. Ukame umekaza, ng'ombe wake wana njaa na kiu. Anaokota unyoya wa tai, anatengeneza mshale, analichoma wingu jeusi, mvua inashuka.

Asili ya hadithi hiyo si Marekani. Ni ya Wanandi wa Kenya. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, aliiandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapwa Oxford mwaka 1909. Leo mtoto wa Eldoret anaweza kuikuta dukani kwa Kiingereza kabla hajaisikia kwa nyanya yake.

Asafu katika Zaburi ya 78 anaahidi kwamba waliyoyasikia kwa baba zao hawatawaficha watoto. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamtaka mzazi afundishe akiwa ameketi nyumbani na akiwa njiani. Wajibu huo hatuwezi kumwachia mwalimu peke yake.

Basi jaribuni haya. Watoto wakae duara, wa kwanza aseme sentensi moja ya hadithi, anayefuata airudie na kuongeza yake, kumbukumbu itanolewa. Kateni chupa ya plastiki iliyonyooka, itieni alama kwa rula, muiweke uwanjani. Kila asubuhi mdogo asome kiasi cha mvua, mkubwa aandike na kujumlisha ya wiki. Mwenye ng'ombe awape watoto daftari la maziwa, waone kama lita zinaongezeka nyasi zikichipuka.

Jioni wasomeeni 1 Wafalme 18. Eliya aliomba, akamtuma mtumishi wake mara 7 kutazama upande wa bahari, hadi kikaonekana kiwingu kidogo. Waulizeni watoto: Ki-Pat alifanya nini, Eliya alifanya nini, na mvua hutoka kwa nani? Waacheni wajibu wenyewe kwanza. Mstari wa 7 wa Zaburi yetu unaeleza shabaha ya mafundisho yote hayo: watoto waweke tumaini lao kwa Mungu.

Wazee wetu wamepitia ukame, wamehama na mifugo, wamefunga na kuomba. Mengi ya hayo hayamo katika kitabu chochote. Usingoje mgeni aje kuyaandika. Wiki hii mpeleke mtoto kwa kogo, yaani nyanya yake, abebe daftari na kalamu, amuulize mvua ilipokosekana waliishije, na Mungu aliwavushaje.