Kinyaa si Hukumu



Ndugu zangu katika Uislamu, mimi nasoma mambo ya maabara, na kila ninapotaja bakteria wa utumbo katika darsa zetu za jioni huulizwa swali lile lile: je, yafaa Muislamu mgonjwa apokee dawa iliyotoka katika kinyesi cha mtu mwingine? Wengi hujibu kabla swali halijaisha: "A'udhubillahi, hiyo si najisi?" Naomba tulitazame kwa utulivu, kwani ndani yake mna uhai wa watu.

Utumbo wa mwanadamu umejaa bakteria, na walio wengi hawana madhara. Husaidia kumeng'enya chakula, hutengeneza vitamini K, na huwanyima waharibifu mahali pa kukaa. Mgonjwa akitumia antibayotiki, hao wema hufa pamoja na wabaya. Hapo bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi, akaleta kuhara kusikokoma, na pengine mauti. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walitangaza matokeo ya jaribio lao. Kinyesi cha watu wenye afya kilichanganywa na maji ya chumvi, kikachujwa, kikapitishwa kwa mpira wa puani hadi utumboni mwa wagonjwa 16 ambao maradhi haya yaliwarudia. Walipona 15. Waliopewa antibayotiki ya vancomycin peke yake walikuwa 13, wakapona 4.

Sasa turudi kwenye hukumu. Kwamba kinyesi ni najisi, hapana ubishi. Wanaokataa tiba hii wana hoja nzito pia: tumefundishwa kwamba ponyo letu halikuwekwa katika haramu. Lakini Imam Nawawi, katika Al-Majmu', ameeleza msimamo wa madhehebu yetu ya Shafi: kujitibu kwa najisi isiyolevya kunajuzu pale ambapo hakuna kilicho twahara kinachoshika nafasi yake, na anayejua tiba amethibitisha hivyo. Tunakumbuka kisa cha watu wa Urayna, ambao Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza kwenye maziwa na mikojo ya ngamia walipougua Madina. Mashafi wanaona mkojo ule ni najisi, na kwamba ruhusa ilikuja kwa ajili ya dawa.

Kuna mfano mwingine unaonifikirisha zaidi. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mjerumani Alfred Nissle alichukua bakteria kutoka kinyesi cha askari aliyebaki mzima wakati wenzake wanahara. Alikuwa Escherichia coli, jina ambalo wengi tunalijua kwa ubaya. Kumbe ndani ya jina moja mna nasaba nyingi. Nasaba ya O157:H7 huleta kuhara damu na yaweza kuharibu figo. Nasaba ya Nissle hadi leo huoteshwa maabara na kupewa wenye vidonda vya utumbo mpana, ili maradhi yaliyotulia yasiamke. Vizazi na vizazi vyake vimelishwa chakula safi. Kwangu mimi, kumwita najisi kwa sababu ya mahali alikotoka babu yake ni kuhukumu asili badala ya kitu chenyewe.

Hata hivyo, ruhusa si mlango wazi. Mwezi Juni 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata bakteria sugu kutoka kwa mtoaji mmoja ambaye kinyesi chake hakikupimwa usugu huo, na mmoja wao akafariki. Basi asijaribu mtu nyumbani. Kupima na kuchuja ni amana, na dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

Ndugu zangu, kinyaa ni tabia njema, hutulinda na uchafu. Lakini kinyaa kikikaa kwenye kiti cha hukumu, hudhulumu. Ninaye rafiki mwenye vidonda vya utumbo. Aliacha swala ya jamaa kwa kuogopa udhu kumtoka safuni, na watu wakamwita mvivu. Hakuna aliyemwambia kwamba fiqhi ina mlango wa mwenye udhuru: asiyeweza kuzuia hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, akaswali, hata kikimtoka kitu. Sheria ilimpokea, waliomfukuza ni sisi watu, kwa sababu maradhi yake hayatajiki.

Kwa hiyo anayeugua utumbo asione haya kumwona daktari, wala kumuuliza sheikh swali lake kama lilivyo. Nasi wengine, tukisikia neno linalotukirihisha, tuulize kwanza dalili iko wapi, na mgonjwa yuko wapi.

Wallahu a'lam.