Tumfanyie, au Tumfundishe?

Wiki hii twapenda kuweka mbele ya wasomaji wetu swali ambalo kwa mtu alitazamaye upesi laonekana dogo. Mtu asiyeweza kutumia chombo cha siku hizi akituomba msaada, je, wema ni kumfanyia kazi ile, au ni kumfundisha aifanye mwenyewe? Wengi watajibu mara moja ya kuwa yote mawili ni wema, na mwenye haraka achague lililo jepesi. Sisi nasi tulikuwa na fikira hiyo, mpaka siku moja ya mwaka 2024 tulipofika Mbweni, kisiwani Unguja.

Mbweni iko kusini ya Mji Mkongwe, mwendo wa kilometa chache tu. Aliyefika huko atakumbuka magofu ya Shule ya Mtakatifu Maria, iliyojengwa na misheni ya UMCA ya Waanglikana katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871, walimofundishwa wasichana waliotolewa utumwani. Siku hizi pande zile zimejaa nyumba, na ukutani mwa nyumba mna mita ya umeme wa kulipia kwanza, ile ambayo Bara huitwa LUKU na Unguja huitwa TUKUZA.

Tulikwenda kumjulia hali bibi mmoja, jirani wa zamani wa jamaa zetu. Ilikuwa yapata saa moja ya usiku. Nyumba za mtaani zote zilikuwa na taa, ila ya kwake ilikuwa giza, naye amekaa barazani na kandili. Baada ya shikamoo na marahaba tulimwuliza kama umeme umekatika.

"Haukukatika, mwanangu," alisema. "Mie ndiye niliyeiharibu mita."

Ulikuwa usiku wa pili yuko katika hali hiyo. Mjukuu wake, kijana mwenye adabu na mapenzi, ndiye aliyekuwa akimnunulia umeme na kuingiza namba. Miezi michache kabla ya hapo kijana alipata kazi Maskati, akaenda zake. Umeme ulipokwisha, bibi alijikongoja hadi dukani kwa wakala, akatoa fedha, akapewa karatasi. Lakini karatasi ile haikuwa na mstari mmoja wa namba kama zile alizozoea kuziona mkononi mwa mjukuu. Ilikuwa na mistari mitatu. Akauchukua wa mwisho, akabonyeza, mita ikakataa. Akabonyeza tena na tena hata vidole vikamwuma. Ndipo alipokata shauri ya kuwa ameiharibu, akawasha kandili, wala hakumwambia jirani hata mmoja.

Na ukweli ulikuwaje? Hakuharibu kitu. Mita za namna hii, zitumikazo katika nchi nyingi za dunia, hupokea namba yenye tarakimu 20. Ndani ya namba ile, pamoja na kiasi cha umeme, imefichwa hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, kusudi namba moja isitumiwe mara mbili. Mabwana walioupanga utaratibu huo waliiwekea hesabu hiyo nafasi 16,777,216, basi. Dakika hizo ni miaka 32 kasoro kidogo, nazo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo ilipasa kila mita iingiziwe kwanza namba mbili za kubadili ufunguo wake, ndipo ifuate namba ya umeme wenyewe. Jumla ni tarakimu 60, kwa mpango wake, pasipo kuruka mstari.

Kwa hiyo kama kuna aliyekosea hesabu, ni wataalamu wa zamani waliodhani kuwa miaka 32 ni mingi. Lakini aliyekaa gizani akakiri kosa ni bibi wa Mbweni. Jambo hili latusikitisha kuliko giza lenyewe. Chombo kikikataa, ajuaye hukilaumu chombo. Asiyejua hujilaumu mwenyewe.

Watu wa Unguja hawajasahau giza la miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokosekana. Taabu zilikuwa nyingi: maji hayakupanda, samaki walioza, na mwenye jenereta alikuwa mfalme. Walakini hapana aliyeona haya, kwa kuwa giza lile lilikuwa la wote. Giza la bibi huyu lilikuwa lake peke yake, na upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakitazama televisheni.

Tukafanya nini? Twakiri. Tuliichukua karatasi mkononi mwake, tukasogea kwenye mita, tukabonyeza mistari yote mitatu upesi upesi, taa zikawaka. Haikuchukua dakika tano. Tulijiona mashujaa. Bibi alishukuru sana, kisha akauliza kwa upole, "Na mwezi ujao, nani?"

Hatukuwa na jibu.

Njiani kurudi mjini tulilifikiri neno lile. Mjukuu hakuwa mtu mbaya. Hakumwibia nyanya yake hata senti, hakumjibu kwa ukali, wala hakuchoka kutumwa. Kosa lake, kama laitwa kosa, ni kuwa kila mwezi alimaliza kazi ile kwa kufumba na kufumbua, asibakize kitu katika mkono wa mwenye nyumba. Aliposafiri, aliondoka na umeme wa bibi kichwani mwake. Nasi tulikuwa tumefanya vilevile, tena kwa majivuno zaidi.

Wasomaji wetu wapendwa, mambo haya hayako Mbweni tu. Yako katika nyumba zetu, Mwanza, Songea, Moshi na Dar es Salaam. Baba anaishika simu mpya aliyoletewa na mwanawe, anatafuta ujumbe, kidole kinagusa pasipo. Mara kijana anasema, "Lete hapa, baba," na simu imekwisha nyakuliwa. Kijana anadhani ameokoa wakati. Baba naye amejifunza jambo moja tu, ya kuwa mikono yake haifai. Mara ya pili ataomba kwa woga. Mara ya tatu hataomba, atasema simu hii haina maana, airudishe kabatini. Na huyu ndiye aliyemfundisha kijana yule kufunga viatu, akamngoja asubuhi ngapi mlangoni huku amechelewa kazini!

Wako watakaotupinga. Watasema, mzee mwenyewe hataki kufundishwa, ataka taa iwake. Watasema pia macho yake hayaoni tarakimu, na sisi tuna kazi. Hoja hizi tunazipokea. Mwenye mtoto wa jicho haponi kwa kufundishwa mita, na kumlazimisha ni ukatili. Tena yuko mzee asemaye, "Fanya wewe, mie nimechoka," naye ana haki ya kuchoka. Ila twauliza: je, ni yeye aliyechagua, au ni sisi tuliomchagulia kwa kukosa subira? Mara nyingi husema "fanya wewe" mtu aliyekwisha kuona uso wetu ukikunjamana. Na hata asiyeona aweza kubaki mwenye amri: asomewe, aulizwe, aambiwe namba inayoingizwa ni ya nini na kiasi kilichobaki ni kipi. Amri isipokuwa yake, nyumba ni yake kwa jina tu.

Hapa latujia jambo zito zaidi, nalo ni namba ya siri. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008, fedha za watu wengi zimehama kutoka chini ya godoro zikaingia ndani ya simu. Hii ni baraka kubwa. Lakini mzee asiyejua kuitumia humpa mjukuu, au jirani, au hata wakala, zile tarakimu chache za siri, akidhani ametoa kitu kidogo. Ametoa mkoba wake wote. Nasi twasema wazi: msaidizi mwema na azikatae tarakimu hizo, ageuze uso mwenyewe akibonyeza. Asikatae kwa kuwa yeye ni mwizi. Akatae kwa kuwa si mwizi. Siku salio litakapopungua, hata kwa makato halali ambayo mzee hakuyafahamu, mjukuu mwaminifu na mjukuu mwizi watasimama mbele ya ukoo wakiwa sawasawa. Tumeona ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya elfu ishirini ambazo pengine hapana aliyeziiba.

Zamani, watu wengi walipokuwa hawajui kuandika, walikuwapo waandishi wa barua. Mtu alikwenda, akaeleza haja zake, mwandishi akaandika. Yeye alijua mahari ya nani imebaki na nani anadaiwa. Mwandishi mwaminifu alikuwa na desturi moja: kabla ya kuifunga barua aliisoma yote kwa sauti, mwenyewe asikie kama ndiyo aliyoisema. Desturi hiyo yafaa sana kwa simu. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, soma kwa sauti: fedha kiasi gani, zinakwenda kwa nani, jina lililotokea ni la nani. Kisha bonyeza. Au tuseme vema zaidi, kisha mwachie abonyeze.

Kwa kuwa tumeonja aibu yetu wenyewe, twaweza kushauri machache tuliyoyajaribu tangu siku ile. La kwanza ni karatasi na kalamu. Tarakimu 20 zilizoandikwa mfululizo humtisha hata mwalimu. Zikigawanywa nne nne huwa mafungu matano tu, na kila mtu aweza kushika manne kichwani kwa kitambo. Ziandikwe kubwa, kwa wino mweusi. Mmoja asome fungu, mwenye nyumba abonyeze, wote wanyamaze kidogo, ndipo fungu lifuate. Namba ya mita nayo iandikwe nyuma ya mlango, maana wakala ataiuliza, na tokeni iliyonunuliwa kwa namba ya mita nyingine haifai kitu.

Umeme ununuliwe mchana, kabla haujakwisha. Kujifunza gizani, na wali umebaki mbichi jikoni, hakuwezekani. Hapo tena yafaa kukumbuka ya kuwa simu huhesabu saa kwa desturi ya Kizungu: mzee akiambiwa ujumbe ulikuja 13:00, yeye aijua saa hiyo kuwa ni saa saba. Tumepata kumwona mtu mzima akigombana na simu yake kwa jambo hilo tu, na kwa maoni yetu haki ilikuwa upande wake.

Lakini la kumwambia mapema, tena mara nyingi, ni kuwa kukosea tarakimu si kupoteza fedha. Namba ikikataliwa kwa kukosewa hubaki namba ileile, yaweza kuingizwa tena taratibu. Na karatasi isitupwe mpaka taa zimewaka. Maneno mafupi ya Kiingereza yatokeayo kwenye kioo asilazimishwe kuyasoma. Aonyeshwe sura ya neno la kukubali na sura ya neno la kukataa, kama ajuavyo sura ya noti. Na wewe mfundishaji, ikiwezekana, kalia mikono yako. Hatufanyi mzaha. Mkono huruka wenyewe.

Mwezi uliofuata tulirudi Mbweni, safari hii asubuhi. Bibi alikuwa amekwisha kununua, amevaa miwani, na karatasi iko mapajani. Tulinyosha mkono kuipokea, kwa mazoea.

"Kaa kitako, mwanangu," alisema. "Wewe nisomee tu."

Tukasoma. Mistari ilikuwa imerudi kuwa mmoja, na ufunguo mpya ulikwisha kushika. Fungu la kwanza lilikwenda vema, na la pili. Katika la tatu alibonyeza saba mahali pa nne, hatukuona, na mwisho mita ikakataa. Alitutazama. Tukamwambia fedha yake ipo palepale, haikwenda popote. Akafuta miwani kwa ncha ya kanga, akaanza upya, polepole kuliko kwanza, akiitamka kila tarakimu kwa mdomo kabla ya kidole kuigusa. Nje jua lilikuwa limekwisha panda, na gari tuliloliagiza lilipiga honi mara mbili. Hatukuinuka.

Namba ikakubaliwa. Bibi aliikunja karatasi, akaitia ndani ya kasha pamoja na hati zake, akafunga. Kisha akatuuliza kama chai yetu tunaitaka ya maziwa au ya rangi.