Wimbo Ukihama, Amana Iko kwa Nani?

Huko Shinyanga na Geita, katika nchi ya Wasukuma, jembe halikuwa likiinuliwa bila ya wimbo. Vyama vya kulima vilipiga ngoma, na majembe yakapanda na kushuka kwa mapigo yake. Mtungaji wao, ambaye humwita ningi, alikuwa na heshima kubwa.

Nyimbo za Wasukuma zina safari ndefu. Katika karne ya 19 wapagazi wa bara walishuka nazo hadi pwani, mabegani wana pembe za ndovu. Baadaye watungaji wakaimba pamba, kisha TANU, kisha Ujamaa. Frank Gunderson alikusanya zaidi ya 300 za nyimbo za kazi katika kitabu chake cha mwaka 2010.

Je, mwenye kuyageuza maneno amekosa? Mimi nasema hapana, ikiwa alichogeuza ni kazi na zama. Lau wimbo wa pembe ungezuiwa kugeuka, ungelikufa pamoja na biashara ya pembe.

Lakini liko jambo la pili. Wasukuma wana makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo hushindana na kukejeliana kwa nyimbo. Uwanjani kejeli ina mpaka wake: anayesemwa yupo, na mtungaji wake atamjibia. Sasa tuseme wimbo huo umefika machimbo ya dhahabu ya Geita, walikokusanyika watu wa makabila mbalimbali. Jina limefika, jibu limebaki nyuma. Hapo mzaha umekuwa tuhuma, na mtu amevunjiwa heshima mbele ya wasiomjua.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Fumbo la harusini, linalojulikana na majirani wawili, leo hunaswa katika simu na kufika Maskati kabla ya pilau kupoa.

Utasema, “Mimi sikutunga, nimepeleka tu.” Wanavyuoni wetu hawakuikubali hoja hiyo katika Hadithi: walimuuliza kila mpokezi kapokea kwa nani. Na Suratul Hujurat yatuonya tusidharauliane, na habari tuzichunguze.

Basi, sauti ipokee, ipambe, hata igeuze upendavyo. Ama heshima ya mtu iliyomo ndani ya wimbo, hiyo ni amana. Usipoweza kulibeba na jibu lake, jina lake liache lilipo.