Vua Dirii ya Sauli, Mzee wa Rudewa

Wazee wenzangu wa Rudewa, wa Batini, Mbuyuni na Gongoni, akina baba mliostaafu kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli, akina mama wajane mnaolinda viwanja vyenu peke yenu, sikieni! Daudi alipojitolea kupigana na Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita: chapeo ya shaba kichwani, dirii kifuani, upanga kiunoni. Kijana akajaribu kwenda nayo, akaona haendi. Akavua vyote mbele ya mfalme na jeshi lake, bila haya, akashuka kijitoni kuchagua mawe ambayo mkono wake uliyazoea. Habari hiyo imo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17, na leo nawahubiria kwayo kwa sababu ya kitu tunachokiingiza majumbani kwa pupa: msumeno wa mnyororo, ule ambao vijana wanauita chensoo.

Najua kwa nini tunautaka. Miembe tuliyoipanda tukiwa na nguvu imeipita nyumba kwa urefu. Mjohoro wa uani umelaza tawi juu ya bati. Machi ikifika, upepo unatangulia mvua ya masika, na mzee analala akisikiliza tawi linavyosugua paa. Watoto wako Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Wanatuma hela kwa simu, lakini mabega hayatumwi kwa simu. Hitaji ni la kweli, wala silipingi. Mtu mzima ana haki ya kukitunza kiwanja chake kwa mkono wake, bila kumngoja mjukuu hadi Krismasi au Idi.

Lakini tazameni tunachokichagua! Tunakwenda Kilosa mjini au Morogoro, tunaingia dukani, na macho yanakimbilia mashine kubwa kuliko zote. Tunaijua kwa sababu tumeiona mikononi mwa wapasua mbao, ikilia porini na kulaza magogo. Stihl 070, kwa mfano, ina injini yenye zaidi ya sentimita 100 za ujazo, na uzito wake unapita kilo 10 kabla hujaifunga bapa wala kuijaza mafuta. Imetengenezwa kwa ajili ya magogo makubwa, na mwenye kuishika ni mtu anayeishika kila siku ya maisha yake. Mdogo wake, MS 382, ambaye naye amejaa kwenye maduka yetu, ana sentimita 72 za ujazo na kilo 6 na ushei. Hizo ndizo dirii za Sauli. Ni zana nzuri, ni zana za mashujaa, na kwa mzee wa miaka 68 anayetaka kupunguza matawi ya mwembe ni kaburi lenye kamba ya kuwashia.

Nani aliyetudanganya kwamba ukubwa wa mashine ni heshima ya mwanamume? Msumeno wa umeme ambao Andreas Stihl aliutengeneza Ujerumani mwaka 1926 ulikuwa na kilo 64, ukashikwa na watu wawili. Ikapita karibu robo karne, mpaka 1950, kabla kiwanda chake hakijatoa msumeno wa petroli wa kushikwa na mtu mmoja, nao ulikuwa na kilo 16. Tangu hapo mafundi wa dunia nzima wamekesha wakipunguza gramu baada ya gramu, ili mikono ya binadamu ipumzike. Watu wamehangaika miaka mingi kukuondolea mzigo, nawe unaingia dukani kuutafuta tena!

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Mwili ulishajihesabu mapema zaidi. Misuli hupungua tangu umri wa makamo, na baada ya 60 inapungua kwa kasi. Kiganja hakikamati kama zamani. Macho yanachelewa, goti linasita, na wengi wetu tunameza dawa za presha, sukari au moyo. Mwenye kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, jeraha lake halifungi haraka. Mwenye kisukari, jeraha la mguuni laweza kumgharimu mguu. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Basi tuulipe mwili haki yake!

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu uzito, maana hapa ndipo tunapopotea. Kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ya dukani mara nyingi ni za injini tupu. Hazina bapa, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka. Hazina mnyororo. Hazina petroli wala oili ya mnyororo. Stihl MS 170, mmoja wa misumeno midogo ya petroli inayojulikana sana, umeandikwa kilo 4 na nukta. Ufunge bapa la sentimita 35, ujaze matangi yote mawili, na mkononi unapita kilo 5. Na hizo kilo 5 hazikai juu ya bega mithili ya kiroba cha mahindi; zinakaa mbele ya mwili, zinatetemeka, na kila dakika zinaongezeka katika mkono uliochoka.

Kwa hiyo usiamini karatasi. Mwambie muuzaji afunge bapa na mnyororo, ajaze mafuta na oili. Ushike kwa mikono yote miwili usawa wa kiuno, injini ikiwa imezimwa, uupeleke polepole kulia na kushoto kwa muda wa kusali Baba Yetu mara tano, bila haraka. Uinamishe kana kwamba unakata tawi lililolala chini, kisha uinuke nao. Kiwiko kikianza kutetemeka, au kiuno kikikulazimisha kuuegemeza pajani, huo si wako. Uweke chini na ushike mdogo zaidi. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Akikataa kukufungia bapa na mnyororo, toka uende duka lingine, maana anayekuficha uzito leo atakuficha spea kesho.

Kisha angalia urefu wa bapa. Sentimita 30 zinatosha kwa karibu kila kazi ya uani, na 35 ndio mwisho wako. Bapa refu linaleta uzito, na linaleta hatari ambayo lazima niitaje waziwazi. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu kigumu wakati mnyororo unakimbia, msumeno wote unarushwa juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Mnyororo wa msumeno wa petroli hukimbia takribani mita 20 kwa sekunde. Hakuna mzee, wala kijana, anayeweza kuukwepa kwa wepesi wa macho. Kinachokuokoa ni breki, ile ngao ya plastiki iliyo mbele ya mpini wa mbele, na vidole vyako vyote kumi vikiwa vimeikamata mipini. Dukani, omba uoneshwe jinsi breki inavyofanya kazi. Ibonye mbele mwenyewe, uisikie ikilia, uirudishe. Omba na mnyororo wa aina inayopunguza kurushwa. Upo, na kwa tawi la mwembe hautakuchelewesha hata kidogo. Msumeno usio na breki, hata ukipewa bure, usiingie nyumbani kwako.

Na kamba ya kuwashia je? Vuta mwenyewe. Mashine nyingine zina springi inayosaidia mvuto ili bega lisishtuke. Mwenye bega bovu asiione hiyo kuwa anasa.

Umeme umefika vijiji vingi, na akina mama wameniuliza kuhusu misumeno ya waya na ya betri. Jibu langu ni ndiyo, kwa moyo wote! Wa waya ni mwepesi na hauna kamba ya kuvuta, ila kamwe usiutumie kwenye majani yenye maji, na waya upite nyuma yako daima. Wa betri unakupa uhuru wa kutembea. Tena ipo midogo kabisa, kama GTA 26 wa Stihl, wenye bapa la sentimita 10 na uzito usiofika kilo 2, kwa matawi ya unene wa kifundo cha mkono. Mjane anayetaka kupunguza mlimao na mpera wake, huo unamtosha. Shaka yangu ni betri tu: uliza kabla ya kulipa kama betri ya pili inapatikana Morogoro, maana betri zote huchoka, na msumeno usio na betri ni pambo.

Ukichagua petroli, jifunze kuchanganya. Injini hizi ndogo zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu, na kipimo kinachotumika sana kwa oili bora ni sehemu 1 kwa 50: mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Usikadirie kwa jicho. Usijaze injini ikiwa ya moto, wala karibu na jiko la mkaa.

Mhubiri, katika sura yake ya 10, anasema jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila ghala la Kilosa: mpasua kuni huhatarishwa nazo, na chuma kikiwa butu bila kunolewa, mtu hulazimika kuongeza nguvu. Kuongeza nguvu! Hicho ndicho tusichokuwa nacho, wazee wenzangu. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti na kuingia wenyewe kwa uzito wa mashine. Mnyororo butu hutoa unga laini, na hapo ndipo mzee anapoanza kusukuma, anachoka, anateleza. Nunua tupa ya saizi ya mnyororo wako siku hiyohiyo unaponunua msumeno, na umwombe fundi akufundishe mpaka uweze. Mzee mwenye msumeno wa kilo 4 unaokata vizuri atamaliza kazi kabla ya kijana mwenye mashine kubwa iliyo butu.

Wala usiazime. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, mtu mmoja alikuwa akikata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kikaanguka majini, akalia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Elisha alikuwapo akakirudisha. Mpasua mbao wa jirani atakuazima mashine yake kwa upendo kabisa, lakini ni nzito kwako, huijui breki yake, na hujui kama ngao yake ilivunjika mwaka jana.

Sasa mipaka. Msumeno mwepesi haukupi ruhusa ya kupanda mti. Usipande. Usisimame juu ya ngazi ukiwa nao, usiuinue kupita bega, usiutumie ukiwa peke yako uani. Vaa gambuti, suruali nzito, miwani, kofia ngumu na kitu cha kuziba masikio, kwa kuwa mlio wake unapita desibeli 100. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu inaweza kummaliza mtu ndani ya dakika chache, na bodaboda ya kwenda Kilosa mjini haikimbii kiasi hicho. Mti mzima wenye kuegemea nyumba si kazi yako tena, mzee. Waite vijana wenye ujuzi, uwalipe jasho lao, wewe usimame mbali mara mbili ya urefu wa mti huo. Kulipa si kushindwa. Ni kuwapa vijana wa Rudewa riziki halali.

Nanyi mnaoishi kando ya mito, nawasihi kwa namna ya pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa. Kilosa inajua maana yake: Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ulizibeba nyumba, ukaikata reli, watu wakaishi kwenye mahema. Miti ile ya kingoni ndiyo inayoushika udongo. Urahisi wa mashine usitushawishi kufanya kwa dakika mbili kile ambacho shoka lingetupa muda wa kukitafakari. Na kabla ya kununua, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa mtendaji wa kijiji, uulize kuhusu kibali cha msumeno na cha kukata miti, ili usije ukachukuliwa kama mhalifu kwa mwembe wako mwenyewe.

Nina neno kwa watoto wetu walio mbali. Msimnunulie baba msumeno kama zawadi ya kushtukiza. Mpelekeni dukani aushike kwa mikono yake, maana mikono ile mnayoikumbuka ikiwabeba begani siyo aliyonayo leo. Akichagua mdogo, msimcheke, na msimwongezee hela ili achukue mkubwa. Hela hiyo mnunulieni kofia ngumu na miwani.

Na wewe mzee ambaye umekwisha kununua mashine nzito, nayo iko chumbani imefunikwa gunia: usiione aibu. Iuze kwa mpasua mbao anayeiweza, na fedha hizo ukanunue wa kilo 4, wenye breki inayofanya kazi na bapa la sentimita 30. Fanya hivyo kabla masika hayajaanza.