Jumatano: Aliyeziba Mlango na Aliyetoka

Soma Ayubu 12:7–10. Ayubu anatutuma shuleni kwa wanyama na ndege. Leo tuwaulize kina mama wawili.

Wa kwanza ni hondohondo wa misitu ya Usambara, yule mwenye mashavu ya rangi ya fedha. Anapokaribia kutaga huingia katika tundu kubwa la mti. Dume humeza udongo, huutapika ukiwa vidonge vya tope, na jike huziba mlango kwa ndani, akibakiza ufa mwembamba tu. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu. Kila tunda analokula, yeye na kifaranga chake, hutoka kooni mwa mumewe, moja moja, kupitia ufa ule.

Wa pili ni nyuki mnene mwenye manyoya wa Ulaya, Bombus terrestris kwa jina la kitaalamu (si yule mweusi anayetoboa boriti zetu). Malkia huyu ni mjane: dume alikufa kabla ya majira ya baridi. Maua yanapoanza kuchanua huamka ardhini peke yake, hutafuta shimo lililoachwa na panya, hufinyanga chungu kidogo cha nta na kukijaza utamu wa maua. Kisha huyaatamia mayai kama kuku, akikielekea chungu ili anywe bila kuinuka. Lakini chungu hukauka. Hapo hana budi kuyaacha mayai yapoe, aende mauani, arudi upesi.

Ni yupi anayeishi kwa imani? Wengi wetu tungemtaja hondohondo haraka, maana darasani tumezoea kumsifu anayetulia na kungoja. Sasa soma 1 Wafalme 17:2–16. Eliya alikaa kando ya kijito akaletewa chakula na kunguru. Mjane wa Sarepta alikutwa langoni akiokota kuni. Bwana aliwaagiza kunguru. Ni Bwana yuyo huyo aliyemwagiza mjane, tena akiwa katika kuhangaika kwake.

Mama anayekosa maombi ya katikati ya juma kwa sababu anauza mboga mpaka usiku hajapungukiwa imani. Amekwenda kutafuta cha kujaza chungu.

Tena, binti wa kwanza wa malkia yule wakishakomaa, wao ndio huenda mauani, naye hubaki na mayai.

Kwa majadiliano: Katika darasa lenu, chungu cha nani hukauka kila juma? Ni nani atakayetoka kwa niaba yake, na siku gani?