Makato ya Mwisho

Mikopo ya nyumba ya benki, ile ya kulipwa kwa miaka mingi, ilipata sheria yake mwaka 2008. Wengi wetu huku chini ya Milima ya Pare, hata hivyo, tumejenga kwa SACCOS na makato ya mshahara: mwaka huu msingi, mwaka ujao mabati.

Halafu mwezi mmoja makato yanaisha, mshahara unaingia mzima. Hapo ndipo kishawishi huanza: vigae, gari, mkopo mwingine! Mimi nasema tulia kwanza. Wapare tunataniwa kwa ubahili, na wacha watutanie. Makande yakibandikwa jioni kwa moto mdogo, asubuhi chai ina mwenzake, na hakuna aliyekimbilia dukani. Wazee wetu walichimba mabwawa ya ndiva milimani, maji yakakusanywa usiku, mchana yakafunguliwa mashambani kwa zamu. Fedha nayo iache ilale kidogo kabla ya kuifungulia.

Jumamosi kaa barazani, chambua maharage na wajukuu. Na kama makato yako yanaisha mwezi huu, tafadhali, usichukue fomu nyingine Jumatatu.