Kompyuta ya Kumpa Mdogo Wangu

Kwa karibu miezi minane nilikuwa na ahadi niliyoirudia kila nilipozungumza na mdogo wangu kwenye simu: nikinunua kompyuta nyingine, hii niliyonayo itakuwa yake. Yeye anasoma stashahada Mbeya. Kazi za chuo anaziandika kwenye simu, kisha anazipeleka stationeri zikapangwe na kuchapwa, na kila ukurasa una bei yake. Mimi niko Dar es Salaam, natafsiri nyaraka, nalipwa kwa idadi ya maneno. Kila nilipoirudia ile ahadi nilijiona dada wa maana. Ilikuwa bado haijanigharimu hata shilingi.

Kompyuta yenyewe niliinunua Kariakoo mwaka 2021, mtumba, kama kompyuta za watu wengi ninaowajua. Chini ilikuwa na kibandiko chenye namba ya mali na maneno mawili ya Kijerumani, na kibodi yake pia ni ya hukohuko: herufi Y na Z zimebadilishana mahali. Muuzaji alikuwa ameipanga ndani kwa mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo kitufe kilichoandikwa Y kinatoa Z, na cha Z kinatoa Y. Kwa lugha nyingine huo ni usumbufu mdogo. Kwa Kiswahili ni balaa, maana mara nyingi herufi hizo mbili ndizo zinazotenganisha kimoja na vingi. Wiki ya kwanza nilimwandikia mteja kuhusu "barua zako" wakati alikuwa amenipa barua moja, naye akanijibu kwa wasiwasi akiuliza nyingine nimeitoa wapi. Baadaye niliacha kutazama vitufe, vidole vikajua njia vyenyewe.

Kufikia mwaka jana ilikuwa imechoka. Naiwasha, nakwenda jikoni kubandika chai, chai inachemka, narudi na kikombe, bado inazungusha kile kiduara chake. Nikifungua kamusi, barua pepe na hati ya mteja kwa pamoja, inaganda, na nasikia diski ikikwaruza ndani kama panya kwenye dari.

Nasema imechoka, lakini neno hilo ni la kuionea. Diski yake ilikuwa ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika siku ilipotoka kiwandani, na asubuhi hiyo ya chai ilikuwa ikizunguka mara 5,400 kwa dakika. Haikupunguza hata mzunguko mmoja. Kilichoongezeka ni mzigo. Mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta wa Uswisi, Niklaus Wirth, alilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi, na tangu hapo sioni kama kuna aliyemsikiliza. Ukurasa wa kusomea habari leo unabeba matangazo, video zinazojichezesha zenyewe na vijiprogramu vya kuhesabu umekaa pale sekunde ngapi. Mashine iliyotengenezwa kabla ya mzigo huo inaubeba kadiri ya nguvu zake, nasi tunaiita nzito. Bibi yangu naye alianza kuitwa mzito wa kuelewa miaka ile wajukuu tulipoanza kuongea haraka.

Nilikuwa nimejiwekea shilingi 700,000. Nikaenda nazo Kariakoo kwa fundi ninayemwamini, mtu wa maneno machache mwenye meza moja na bisibisi nyingi. Akaifungua, akaonesha kwa ncha ya bisibisi: RAM ya GB 4, nafasi ya pili tupu, diski ya zamani. RAM, alisema, ni meza unayofanyia kazi, na diski ni stoo. Meza ikijaa, kompyuta inabeba vitu inavipeleka stoo, ukivihitaji inavirudisha, na stoo yako hii ina mlango mmoja wenye kutu. Njia zilikuwa tatu. Kompyuta mpya ya dukani, kuanzia kama milioni moja na laki nne, hiyo tukaiacha bila hata kuijadili. Mtumba wa karibuni zaidi, 650,000. Au kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake, na kuongeza RAM ya GB 8: 160,000 pamoja na ufundi.

"Nichukue ya laki sita na nusu," nikasema.

"Na hii?"

"Nampa mdogo wangu. Yuko chuo."

Fundi akaitazama ile kompyuta, iliyokuwa bado inawaka tangu nilipokaa mezani kwake. "Ana shida gani na wewe huyo mdogo wako?"

Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Nikasema nitarudi.

Nilikaa na hesabu hiyo wiki mbili, na katika wiki hizo nilijikusanyia sababu nzuri. Kwamba sehemu kubwa ya hewa chafu inayotokana na kompyuta mpakato hutolewa kabla mnunuzi hajaiwasha hata mara moja, kwenye migodi na viwanda, kwa hiyo kuitunza ya zamani ni kuepusha nyingine kutengenezwa. Kwamba kobalti inayoingia kwenye betri nyingi inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi, ambako watu wanachimba, wengine kwa sururu na mikono, na wanaitana mashimoni kwa Kiswahili. Hilo la mwisho linanikaa vibaya kila ninapolifikiria. Nakula kwa lugha hii. Wao wanaitumia kuonyana kwamba udongo unaporomoka. Lakini niwe mkweli: Kolwezi haikunizuia kununua. Mtumba wa 650,000 haufungui shimo jipya. Kilichonizuia ni swali la fundi, na zile sababu nzuri nilizikusanya ili nisilijibu.

Kulikuwa pia na sababu ya upande wa pili. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikabakiza mpango wa muda tu kwa wanaouomba, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache. Yangu ni kizazi cha sita. Kuweka fedha kwenye mashine ambayo walioiandikia programu wameshaipa kisogo kulionekana ujinga. Nilimpigia fundi kumwambia hivyo. "Dada, hiyo haijafa," akasema. "Imetangazwa tu." Aliweza kuiwekea Linux Mint, bure.

Basi nikairudisha ikatengenezwa. Alinikabidhi diski ya zamani mkononi, akanisisitiza nisiiache kwa fundi yeyote hata yeye, kwa sababu maisha yangu yamo mle. Nikaifunga kwenye soksi. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia, na kabla sijamaliza kuuliza kama chaja ni ileile, ilikuwa imeshawaka na inanisubiri mimi.

Siku tatu nilifanya kazi kama mtu aliyepona homa. Siku ya nne mdogo wangu akapiga. Shikamoo dada, marahaba, habari za chuo, nzuri. Halafu kwa sauti ya mtu anayepita tu: "Vipi ile kompyuta?"

"Nimeitengeneza," nikasema. "Sasa hivi nzuri kweli. Kwa hiyo bado nipo nayo kidogo."

"Sawa dada."

Hakusema kingine. Angesema kingine ingekuwa nafuu.

Usiku ule ndipo nilipoona umbo la jambo lenyewe. Kwa miezi minane ukarimu wangu ulikuwa ukiishi kwa kutegemea ubovu wa ile mashine. Ilipokuwa haivumiliki ilikuwa yake. Ilipopona ikawa yangu. Kwa maneno mengine nilikuwa nimemwahidi kero yangu, na nikataka anishukuru kwayo.

Nilijitetea, tena kwa elimu. Plutarch anasimulia kwamba meli ya Theseus ilitunzwa Athens kwa kung'olewa mbao zilizooza na kupigiliwa mpya, hata wanafalsafa wakawa wanabishana kama bado ni meli ileile. Nilikutana na meli hiyo chuoni na sikuwahi kuihitaji maishani hadi usiku huo. Niliahidi kompyuta yenye diski ya zamani na RAM ya GB 4, nikajiambia. Kompyuta hiyo haipo tena. Hii ni nyingine. Hoja ilisimama vizuri kabisa. Ningeweza kuishinda nayo mahakama yoyote isipokuwa ile ya simu inayoanza na "shikamoo dada".

Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni na nikadhani uzito wake uko kwenye nduguyo. Uko kwenye kizuri. Kibaya hakihitaji methali, kinagawika chenyewe. Nguo zinazobana, simu zilizopasuka kioo na kompyuta zinazoganda zote hujua njia ya kwenda kwa wadogo zetu. Nabii Malaki, katika sura yake ya kwanza, anawagombeza watu wanaoleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema, na kipimo anachowapa ni cha mtaani kabisa: jaribu kumpelekea mkubwa wako zawadi hiyo uone kama ataipokea. Nilijaribu. Nilifikiria kumpelekea mteja wangu mkubwa ile kompyuta ilivyokuwa kabla ya fundi, nikaona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

Sisemi kila cha zamani ni tusi. Ile kompyuta ilinifikia baada ya Mjerumani fulani kuichoka, na imenilisha miaka yote hii. Wala sidai kwamba mtu asitoe mpaka atoe kwa maumivu; kuna watu wana vitu viwili na cha pili hakiwaumi, watoe tu. Swali langu lilikuwa dogo zaidi. Kama nilijua inahitaji 160,000 ili itumike, na 160,000 nilikuwa nayo, zawadi niliyokuwa naitangaza kwa miezi minane ilikuwa ipi hasa?

Nikapiga hesabu tena. Zilibaki 540,000. Ya laki sita na nusu ilipungukiwa laki moja na elfu kumi, yaani kazi ya wiki tatu hivi kama wateja wanalipa kwa wakati, na wateja hawalipi kwa wakati. Nikiituma sasa, nitatafsiri kwenye simu kwa muda. Yeye alikuwa ameandika kwenye simu mwaka mzima.

Jumamosi niliizungushia kanga mbili, nikaitia kwenye boksi la maji ya kunywa pamoja na chaja, nikaenda nayo Mbezi, stendi ya Magufuli, kuitafutia basi. Mpokea mizigo aliuliza ndani kuna nini na kina thamani gani. Nikasita kidogo kwenye thamani. Akaandika "kompyuta" akanipa risiti. Nilipokuwa narudi kwenye daladala nilikuwa na hasira, sijui na nani. Sikujisikia mwema hata kidogo, na nilishangaa, kwa sababu wakati wa kuahidi nilijisikia mwema kila wiki.

Makala hii naiandika kwenye simu, kwa kidole gumba, na mgongo unanilalamikia. Mteja mmoja kalipa nusu.

Mzigo ulifika Jumapili. Jioni nikapata ujumbe wa WhatsApp, mrefu kuliko kawaida yake, wenye nukta na herufi kubwa mahali pake, nikajua ameuandikia kwenye kompyuta. Alisema imefika salama, inawaka haraka sana, wenzake wa chumbani wameshaanza kupanga foleni. Mwishoni ameandika: "Dada, nakushukuru sana kwa kompyuta zangu."

Nilikuwa nimesahau kumwambia kuhusu vile vitufe.